Muulize Dereva wa Misheni: wanakula nini, wanavukaje ziwa, na kwa nini hela hawatoi hovyo

Haya ndugu wasomaji, mwangaluka. Toleo lililopita mhariri alidokeza tu kwamba mzee wa safu hii kabla ya kushika kalamu alikuwa dereva wa misheni huku Kanda ya Ziwa, basi mmeniandama, meseji karibu zote za mwezi huu ni za wamisionari. Sawa, nitajibu. Nimeendesha mapadri, nimeendesha wachungaji wa kizungu na wake zao na watoto, nimeendesha masista ambao ndo wakali kuliko wote ukizidisha spidi, kwa hiyo msianze kuniuliza mimi ni wa dhehebu gani, kwenye gari wote ni abiria.

Shikamoo mzee. Nimepata kazi ya kupika nyumba ya mapadri wamisionari, naanza mwezi ujao. Wanaamka saa ngapi, wanakula nini, kuna miiko gani? Nasikia humo ndani kuna Mhindi, Mkongo na mzungu mmoja, naogopa nitashindwa kuwaridhisha. – Binti wa Nyakato

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Kwanza huo mchanganyiko usikutishe, ndo utaratibu wao. Wale Wamisionari wa Afrika kwa mfano, ambao wazee wetu waliwaita White Fathers kwa sababu ya kanzu nyeupe, shirika lao lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Lavigerie aliyekuja kuwa Kardinali, na tangu mwanzo sheria yao ni kwamba hawakai chini ya watatu nyumba moja. Zamani watatu wote walikuwa wazungu, saivi kila mmoja katoka kwao na lugha yao ya mezani ni Kiswahili, na wengi wamekisomea Makoko pale Musoma kwa hiyo utawasikia wanaongea ngeli zilizonyooka kuliko zako na zangu.

Kuamka ni mapema, saa kumi na moja alfajiri wengine washakuwa macho, wanasali masifu, halafu misa, kwa hiyo chai iwe tayari wakitoka kanisani na usitegemee kwamba watakaa waifaidi. Manake muda huohuo mlangoni tayari kuna mama ana mgonjwa anataka apakwe mafuta, kuna kijana anafuata cheti cha ubatizo, kuna mwenyekiti wa kigango, yaani kanisa dogo la kijijini chini ya parokia, kaja na hesabu za mabati ambazo hazijumliki. Watu wanadhani mmisionari kutwa anahubiri. Kuhubiri ni kasehemu kadogo sana, muda mwingi anasikiliza shida za watu, anabishana na fundi, anasubiri umeme urudi achape barua, na jioni akibahatika anatembea kwenda jumuiya kwa miguu. Wengine wanaandika shajara ya nyumba, kila siku nani kaja, nani kaumwa, mvua imenyesha au haijanyesha, hii ni desturi ya tangu enzi za karavani na ndo imetufanya tujue mambo mengi ya miaka ile.

Sasa chakula. Chumvi kidogo, pilipili pembeni, kila mtu ajichanganyie. Mkongo mpe kisamvu na ugali wa muhogo, ule wa udaga, atakuombea mpaka kwao. Mhindi ukimpikia dengu na wali umemaliza. Mzungu shida yake ni kahawa na mkate wa asubuhi, ugali atakula tu, na baada ya muda utamkuta anaufinyanga kwa mkono vizuri kabisa. Wote watatu sato wanampenda, na Ijumaa za Kwaresma ambazo hawagusi nyama wala usihangaike, nawaonea huruma waliopangiwa Dodoma, sisi wa ziwani siku ya kufunga nyama tunakula sato wa nazi halafu tunasema tumejinyima.

Pika cha ziada siku zote. Hii ndo siri ya kudumu kwenye hiyo kazi, wageni hawapigi simu, utaona tu gari linaingia saa saba na watu watano wenye njaa kutoka Geita. Miiko ni miwili, unayoyasikia mezani yaishie jikoni, na karatasi za ofisini usiziguse hata kama zimepeperuka chini ya meza.

Mzee, mchungaji mgeni alikuja ibada ya nyumbani kwetu, nikampa maji kwenye kikombe safi kabisa, akasema asante akatoa chupa yake kwenye begi. Mume wangu mpaka leo kakunja uso anasema tumedharauliwa. Ni haki kweli? – Mama wa Kayenze

Mama, mwambie baba ashushe pumzi. Mgeni kukataa maji kunauma, hilo sikatai, kwetu mtu akiingia ndani kitu cha kwanza ni maji. Ila tumbo lao halijazoea, na maji ya ziwani hata yakionekana meupe yana mambo yake. Kuna taifodi, kuna amiba, kipindupindu nacho kikiingia mwaloni hakiulizi mtu cheo. Na kichocho ndo usiseme, kile hakihitaji hata kunywa, wadudu wake wanatoka kwenye konokono wa maji wanapenya ngozi ukiwa umesimama tu kufua au kuoga, ndo maana utaona wageni hawashuki kuogelea hata jua likiwaka vipi, wakati watoto wetu wanashinda humo halafu tunashangaa choo kina damu. Dawa ipo, wanafunzi huwa wanapewa shuleni, lakini ukirudi kwenye maji yaleyale unaanza upya.

Yule mchungaji angeweza kufanya kiungwana zaidi, akashika kikombe akakiweka pembeni akaendelea na stori. Wazoefu wanajua hiyo. Siku nyingine mpe chai ya rangi imechemka hasa, au ndizi, au karanga za kuchemsha, utaona anavyokula mpaka anaomba za njiani.

Shikamoo Mzee Dereva. Mimi ni mwinjilisti kijana, natokea Kahama, kanisa limenipangia kazi kisiwa cha Ukara. Sijawahi kupanda hata mtumbwi na naogopa maji vibaya mno. Wamisionari wanazoeaje? Au niombe nibadilishiwe? – Mwinjilisti mwenye hofu

Marahaba mdogo wangu. Kwanza niseme kitu, wewe ndo mmisionari. Usiandike "wamisionari" kama vile ni watu wa mbali, mtu anayetoka Kahama kwenda kuishi na Wakara ambao lugha yao haijui na chakula chao hajakizoea huyo ni mmisionari kamili hata kama hana pasipoti. Mwaka 1968 pale Moroto Uganda ilianzishwa jumuiya ya Mitume wa Yesu, shirika la kimisionari la Waafrika wenyewe, na leo Watanzania wapo nchi kibao wanahubiri na wao wanaitwa wageni. Kwa hiyo kaa ukijua umeitwa kazi kubwa.

Sasa maji. Hofu uliyonayo siyo ujinga, na mtu akikucheka achana naye. Kanda hii hakuna familia isiyojua msiba wa ziwa. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, mamia ya watu wakafa, wengi wamezikwa Igoma na makaburi yapo mpaka leo. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kinakaribia Ukara, huko huko unakoenda, watu zaidi ya 220 wakaondoka. Kwa hiyo utakuta waumini wako wenyewe wamo waliopoteza mama, mume, watoto, na kwenye kazi yako kuwasikiliza hao kutakuchukua muda mwingi kuliko mahubiri, ukikosa la kusema nyamaza tu kaa nao.

Njia ya kwenda ipo hivi. Unaweza kupanda meli Mwanza mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe, unakaa masaa kadhaa juu ya maji ila chombo ni kikubwa. Au unazunguka kwa gari, unapita Magu, Lamadi, Bunda, unashuka Kisorya, unavuka kidogo tu na kivuko mpaka Rugezi, halafu Nansio. Kwa mtu wa hofu kama wewe mimi ningekushauri uanzie hii ya pili, vumbi ni lingi lakini maji ni machache. Kutoka Ukerewe kwenda Ukara ndo hakuna ujanja, unaenda Bugolora unavuka mpaka Bwisya.

Wazoefu wana kanuni zao na zote nilizifuata kwa sababu nilikuwa na mke na watoto. Usivuke usiku. Siyo ushirikina, usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, unakutana huko katikati unapandisha mawingu, ndo maana radi na mvua za ziwani ni za usiku na alfajiri zaidi, wavuvi wa dagaa wanakuwa hukohuko na taa zao lakini ile ndo riziki yao na wanalijua ziwa, wewe ukasubiri kukuche. Kingine, chombo kikijaa shuka. Usione aibu, usiseme nitachelewa ibada, shuka na biblia yako ukae kwenye jiwe usubiri kingine, nimeona padri mmoja mzee akishuka kwenye mtumbwi na vifaa vyote vya misa, abiria wanamzomea kwamba hana imani, akawajibu kwamba imani anayo lakini kuogelea hajui. Jaketi la kuokolea nunua la kwako mwenyewe, lijaribu kabla, lifunge kiunoni vizuri, usiweke chini ya kiti kama wanavyofanya wengi. Simu na vyeti weka kwenye mfuko wa nailoni mzito ufunge.

Na wapiga kasia na manahodha wawe marafiki zako wa kwanza kabla hata ya wazee wa kanisa. Nahodha akisema leo hapana ni hapana. Wamisionari wote niliowaona wakidumu visiwani walikuwa na mtu wao mmoja wa maji ambaye neno lake hawalipingi, na ambao hawakudumu ni wale waliokuwa wanasema Mungu atatuvusha wakati nahodha kashakunja uso.

Usiombe kubadilishiwa kabla hujafika. Nenda ukae msimu mmoja, uone.

Babu, mwalimu wetu kasema wamisionari walifika Mwanza hata kabla ya reli. Walikuja na nini sasa? – Mwanafunzi, Nyegezi

Kwa miguu mjukuu wangu! Reli imefika Mwanza mwaka 1928, wao walikuwepo nusu karne kabla. Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Kiingereza, ndo walitangulia, mwaka 1877, na wawili wao, Luteni Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe mwezi Desemba mwaka huohuo, waliingia kwenye ugomvi ambao haukuwa wao kati ya mtawala wa kisiwa, Lukonge, na mfanyabiashara aitwaye Songoro, Songoro akakimbilia kwao, wakafa pamoja. Halafu White Fathers wakatoka Bagamoyo Juni 1878 na karavani, wakafika Kageye upande wa Magu mwisho wa Desemba. Yaani nusu mwaka, safari ambayo leo basi unalala usingizi unaamka umefika. Mmoja wao, Padri Pascal, alifia njiani kwa homa. Kutoka Kageye, Padri Lourdel na Bruda Amans wakachukua mtumbwi, wakapita ziwani mpaka Entebbe wakafika tarehe 17 Februari 1879, na ndo mwanzo wa Ukatoliki Uganda. Baadae walipoondoka Buganda mwishoni mwa 1882 wakavuka kurudi kusini ya ziwa, mwaka 1883 wakafungua Bukumbi, pale karibu na Usagara, ukienda na shule kuna historia ya kutosha siku nzima.

Ila mwulize mwalimu swali moja kwa niaba yangu. Mizigo ya karavani ilibebwa na nani? Nguo, shanga, mahema, dawa, masanduku ya misa, vyote vilikuwa kichwani na begani kwa wapagazi, na kasia ziwani zilipigwa na watu wa huku huku. Jina la Lourdel tunalo, jina la Pascal tunalo, ya wale waliombeba hatuna. Mimi kama dereva hilo linanikera, nikisoma kwenye vitabu "Padri alisafiri mpaka mahali fulani" najiuliza na aliyeshika usukani je.

Enzi zetu angalau ilikuwa gari, Land Cruiser mkonga, na lenyewe masika kwenye mbuga zetu za udongo mweusi linazama mpaka ekseli. Hapo padri anavua viatu, anakunja suruali, anasukuma na wanakijiji, na kigangoni watu wanasubiri tangu saa nne. Wanaimba. Katekista anasalisha rozari ya pili na ya tatu. Ukifika saa nane misa inaanza kama vile hakuna kilichotokea, kwanza maungamo, halafu misa, halafu ubatizo wa watoto, halafu kikao, halafu kuku. Padri anafika kigango hicho labda mara moja kwa mwezi, Jumapili nyingine zote ni katekista na baiskeli yake, na malipo yake tusiyaseme.

Upande wa Sengerema na Geita nako tulikuwa tunalala foleni pale Kigongo kusubiri kivuko, saa zingine na mgonjwa ndani ya gari. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, kama kilomita tatu juu ya maji, unapita dakika chache tu, na madereva wa misheni wa siku hizi sijui hata wanalalamikia nini.

Baba mkwe anasema wamisionari ndo waliua ngoma na mila zetu Wasukuma. Mimi naimba kwaya, tunagombana kila sikukuu. Nani yuko sahihi? – Mke wa Mmagu

Baba mkwe hajakosea, ngoma zilikatazwa sehemu nyingi, watu walitengwa na kanisa kwa kucheza tu. Lakini msindikize siku moja Bujora, Kisesa, aone kanisa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya mtemi na makumbusho ya Wasukuma pembeni yake. Aliyeyaanzisha ni mmisionari, Padri David Clement kutoka Kanada, na sikukuu ya Ekaristi ndo Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayopingana, wanashindana mpaka vumbi linapanda juu ya miti. Mchague siku hiyo hiyo, mtapatana hapohapo uwanjani.

Kanisa letu dogo limepata mgeni kutoka nje atakaa nasi mwaka mzima kuhubiri. Amekuja na viza ya utalii, inatosha? – Katibu, Igoma

Haitoshi. Utalii ni utalii. Wamisionari wanaokaa wanaombewa Kibali cha Ukaazi Daraja C, na mwombaji anadhaminiwa na kanisa lenyewe, kwa hiyo kama usajili wa kanisa lenu una kasoro anzeni na hilo kwanza. Kwa mgeni wa muda mfupi kuna utaratibu wake pia. Nendeni Uhamiaji na pasipoti yake wiki hii, msisubiri mpaka siku zake ziishe. Akishapata, nakala ya kibali iwe kwenye gari siku zote.

Mzee, parokiani kwetu kuna padri mzungu. Nimemwomba ada ya mwanangu wa chuo, kanipeleka kwa kamati. Hela anazo, kwa nini ananizungusha? – Mzazi aliyechoka, Buhongwa

Pole mzazi mwenzangu, najua ada inavyochoma. Lakini nikwambie nilichokiona nikiwa kiti cha mbele. Hela siyo zake. Wengi wao wa mashirika wana nadhiri ya ufukara, hata viatu anaomba. Hela inayokuja inatoka kwa watu wa kwao, mabibi vizee wanaochanga kidogo kidogo kanisani, inakuja na jina lake, hii ya kisima, hii ya zahanati, na asipotuma risiti mwakani haiji. Na makanisa ya huko Ulaya saivi yanazidi kupungukiwa watu, hao wachangaji wanazeeka, kwa hiyo ile picha ya mzungu mwenye kisanduku kisichoisha ni ya enzi za babu zetu.

Kingine, kabla ya hizo kamati mambo yalikuwa mabaya. Aliyejua kulia vizuri ndo alipewa, mwenye shida ya kweli aliyeona aibu kusema alikosa, na padri mgeni hawezi kujua nani ana ng'ombe arobaini kwao Kwimba na nani hana kitu. Kamati inajua. Ndo maana watu hawaipendi.

Sasa fanya hivi. Usimfuate Jumapili baada ya misa, hapo ana foleni ya watu na kichwa kimejaa, nenda siku ya kawaida ofisini. Beba barua ya mwenyekiti wa jumuiya yako, barua ya chuo ya kujiunga, na ankara ya ada yenye namba ya malipo, manake wakikubali watalipa chuoni moja kwa moja, mkononi hawatakupa. Omba sehemu ya ada, usiombe yote, na useme wewe mwenyewe utaweka kiasi gani. Na huo mkopo wa Bodi mwanao aliomba? Kama hakuomba kamati watakuuliza hilo la kwanza kabla hujakaa, kwa hiyo dirisha likifunguliwa aombe, halafu ipelekee kamati nakala ya maombi, ile halisi baki nayo nyumbani.